Sufuria Yenye Uzi Mwekundu

Harufu ya mbata hainiachi. Sisemi yale mafuta ya nazi yaliyosafishwa yakatiwa kwenye chupa za kujipaka. Hayo yapo kila duka hapa Minnesota, Marekani, na hayanuki kitu. Nasema mbata yenyewe, nyama ya nazi iliyolazwa juu ya chanja huku makumbi yakifuka moshi chini yake kutwa nzima. Ni harufu tamu yenye uchachu na masizi, inayoingia kwenye nywele, kwenye nguo, hata kwenye maji ya kunywa. Watu wakisikia kwamba asili yangu ni Malindi hudhani harufu hiyo niliitoa huko. Hapana. Malindi niliondoka nikiwa na miaka sita, na ninachokumbuka zaidi ni bibi yangu akikuna nazi uani. Harufu ya mbata niliikuta Ufilipino, mkoa wa Sorsogon, nilipokuwa na miaka tisa, katika likizo moja ya kiangazi ambayo nikiikumbuka hadi leo natamani kuficha uso.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mama, kwenye nyumba ya kupanga huko Apple Valley. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza kitandani, na huku akisomea uuguzi. Kiangazi kile alikuwa na mtihani wa mwisho, na mdogo wake aliyekuwa aje kutoka Malindi kukaa nami akanyimwa viza. Shule zilikuwa zimefungwa, na mtoto wa miaka tisa huwezi kumfungia ndani peke yake. Hapo ndipo Luz alipojitokeza. Luz alikuwa muuguzi pale kazini, Mfilipino, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Urafiki wao ulianzia kwenye chakula: siku moja Luz alifungua kopo lake la samaki wa tui, na mama, ambaye hakuwa akigusa chakula cha mtu pale, aliponusa alisogea mwenyewe na kijiko. Tangu hapo, mama akitaka kusali, Luz alimlindia mlango wa stoo ya mashuka mtu asiingie. Sasa Luz alikuwa anakwenda kwao kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, pamoja na binti yake Maricel, aliyekuwa wa rika langu. Akamwambia mama, nipe na huyu wako, nitawarudisha wote wawili.

Kina mama wa darsa la Jumamosi waliposikia walishika vichwa. Mtoto wa Kiislamu, tena wa kike, kupelekwa kwa watu wanaokula nguruwe? Mama yangu si mtu wa kunyamaza akisemwa. "Luz namwamini," aliwaambia. "Na anayeogopa nguruwe aniletee mtu wa kukaa na mwanangu." Hakuna aliyeleta mtu. Barua ya ruhusa ya mzazi ikaandikwa na kupigwa muhuri, begi langu likafungwa, na nikapanda ndege nikiwa katikati ya Luz na Maricel.

Nyumba ya mama yake Luz ilikuwa kati ya mashamba ya mpunga na bahari. Upande wa mlimani kulikuwa na mpunga mpaka macho yachoke, na nyati wa kufugwa wakivuta jembe kwenye tope lililowafika tumboni. Upande wa pili minazi, kisha mchanga mweusi, kisha maji. Nusu ya barabara ya lami ilikuwa imeanikwa mpunga na magari yalipita nusu ya pili bila kulalamika. Mwenye nyumba tulimwita Lola, yaani bibi kwa lugha yao, na hata majirani walimwita hivyo. Watoto walipomwamkia walishika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso. Mimi nikaushika nikaubusu, kama nilivyofunzwa nyumbani. Alikitazama kiganja chake kwa muda, akacheka, akanivuta ndani hadi jikoni, na huko nilikuta kitu kilichonifanya nisimame: mbuzi ya kukunia nazi, kigoda kile kile na meno yale yale ya chuma, kama ya bibi yangu Malindi. Nikaikalia bila kukaribishwa na kumwonyesha kwamba najua. Kuanzia siku hiyo Lola aliniita Isha, akifupisha jina langu la Mwanaisha, na kukuna nazi ikawa kazi yangu.

Mama alikuwa ametoa sharti moja tu, nisilishwe nguruwe, na Luz alikuwa ameshalieleza kwao kwa simu. Lola alilichukua sharti lile kama amri ya serikali. Asubuhi ya kwanza alirudi kutoka dukani na sufuria ndogo mpya, sahani na kijiko. Akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa sufuria, akapigilia misumari ukutani mbali na vyombo vingine, akavitundika hapo. Hiyo ilikuwa sufuria yangu na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata Luz. Kopo la mafuta ya nguruwe lililokuwa kando ya jiko lilitolewa nje. Kwa wiki ya kwanza Lola alipika mara mbili, chungu cha nyumba na sufuria yangu. Kisha alichoka, au aliona haya kunilisha peke yangu, na nyumba nzima ikaanza kula ninachokula mimi: samaki, dagaa wabichi, majani ya magimbi yaliyochemshwa kwa tui na pilipili mpaka machozi yatoke. Nilikuwa nakula vizuri kuliko nilivyokuwa nikila Apple Valley, ambako siku nyingi mama alirudi amechoka na tukala mkate na mayai.

Nyuma ya jiko kulikuwa na nguruwe. Alikuwa amelishwa makombo na pumba za mpunga mwaka mzima kwa ajili ya sikukuu ya kijiji, siku ambayo kila nyumba hufungua mlango na yeyote apitaye huingia akala. Katikati ya meza huwekwa nguruwe mzima aliyechomwa, ngozi yake imekauka inavunjika mdomoni. Sikukuu isiyo na nguruwe kwao ni sawa na harusi ya kwetu isiyo na pilau. Lola alimuuliza Luz, huyu mtoto atakaa wapi siku hiyo? Luz akajibu kwamba nitakaa nao na sitakula tu. Lola akakataa. Alisema mgeni hakalishwi mbele ya meza asiyoweza kuila. Siku ya pili nguruwe alikwenda kwa jirani, na jirani akatuletea kuku na mabata wakiwa wamefungwa miguu.

Tena hakuishia hapo. Alikuwa amemuuliza Luz kila kitu na akajua kwamba kuku naye ana masharti yake. Sokoni mjini kulikuwa na Muislamu mmoja kutoka visiwa vya kusini, aliuza nguo na kandambili. Lola alitia kuku na mabata kwenye matenga, akanipandisha kwenye pikipiki yenye kibanda cha pembeni, tukaenda hadi kwenye meza ya yule bwana. Alipoelezwa alicheka. Kisha akautazama mtandio wangu, akafunika nguo zake kwa turubai na kutupeleka nyuma ya soko. Alichinja mmoja mmoja, akitaja jina la Mungu kwa sauti, na kila alipomaliza mmoja Lola alinitazama usoni kuona kama mambo yako sawa. Mimi, mtoto wa miaka tisa nisiyejua hata kuhesabu rakaa vizuri, nilikuwa natikisa kichwa kama kadhi. Nakumbuka nilivyojisikia mkubwa siku ile.

Lakini mtoto anaweza kutunzwa namna hiyo na bado akawa mpweke. Lugha yao sikuijua. Watoto wa kijiji walikuwa wakifuata nywele zangu, wanazivuta kuona kama zitanyooka, wanasugua mkono wangu kwa kidole kisha wanakitazama kidole. Hawakuwa na ubaya, ila walifanya hivyo kila siku. Maricel, ambaye Minnesota tulikuwa kama pacha, hapo alipata binamu chungu nzima na mimi nikawa mzigo. Siku ya sikukuu wageni waliingia kwetu, wakaona meza ya kuku na mabata, wakatupa macho huku na huku wakitafuta kitu kingine, kisha wakaaga kwa adabu na kwenda kwa jirani. Lola alitaniwa na kila aliyeingia. Alicheka nao, akazidi kuwapakulia. Maricel alisimama mlangoni akiwaona binamu zake wakitoka kwa jirani wanalamba vidole. Ile ngozi ya nguruwe alikuwa ameizungumzia tangu ndani ya ndege. Alipoomba kwenda, Lola alimwambia kwamba leo nyumba hii inakula chakula kimoja. Maricel akanigeukia na kuniambia kwa Kiingereza, polepole, ili nisikie kila neno: "Ni kwa sababu yako. Hakuna aliyekuomba uje. Rudi kwenu."

Mama alikuwa akipiga simu kila Jumapili alasiri, na sikukuu iliangukia Jumapili. Luz alinipa simu yake, nikaenda kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi pale jikoni. Nikamwambia mama nataka kurudi. "Wiki tatu tu, mwanangu," akasema. "Jikaze. Unajua mama ana mtihani." Nikalia. Akarudia maneno yale yale, kwa sauti ya mtu aliyetoka kazini hajalala. Nilikuwa najua jambo moja tu litakalomfanya anitoe pale, nami nikalisema.

"Mama, wananipa nguruwe."

Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kwa sababu hakuna aliyeelewa. Lola alikuwa amesimama mlangoni ameshika sahani yangu, paja la kuku juu ya wali, akisubiri nimalize mazungumzo na mama yangu. Alikuwa anatabasamu. Picha hiyo sijaifuta na sitegemei kuifuta.

"Nani anakupa?" mama akauliza.

"Bibi yao."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

"Mpe Luz simu," akasema.

Luz alitoka nayo hadi uani. Nilimwona ameweka mkono kifuani, anasema, ananyamaza, anasema tena, kisha anaitazama simu iliyokatika. Aliporudi alichuchumaa mbele yangu akaniuliza kama ni kweli nimesema hivyo. Nilitazama miguu yangu. Sikusema ndiyo, na sikusema hapana. Hakunipiga wala hakuninyanyulia sauti. Natamani angefanya hivyo. Lola aliuliza kuna nini, akaambiwa. Akaenda ukutani, akaitoa sufuria yangu msumarini, akaigeuza kwenye mwanga akichungulia ndani yake muda mrefu. Kisha akaniuliza jambo, na Luz akatafsiri bila kunitazama: "Anauliza ilikuwa siku gani. Anasema pengine kuna kitu kilimponyoka."

Sikumjibu. Ilichukua siku tano kubadilisha tiketi, na siku zote hizo Lola hakupika tena jikoni. Alitoa jiko uani, akaniweka kwenye kigoda mbele yake, na kila kitu kabla hakijaingia sufuriani alininyooshea nikione: huyu samaki, hii nazi uliyoikuna mwenyewe, hii chumvi. Nilitikisa kichwa. Aliendelea. Moshi wa mbata ulitoka kwa majirani ukatufunika sote, na mimi nilikuwa namwona mwanamke mzima akijibu maswali ambayo mtoto hakuyauliza. Neno moja lingetosha kumpumzisha. Lilikuwa mdomoni, nikalimeza pamoja na wali wake.

Tulipofika uwanja wa ndege wa Minneapolis mama alinichukua mkononi mwa Luz bila salamu. Luz alijaribu kusema naye, mama akamkatiza: "Mwanangu hasemi uongo." Akafaulu mtihani wake, akabadilisha zamu asikutane na Luz, na mwaka uliofuata Luz akahamia kazi nyingine. Lola alifariki kabla mwaka haujaisha. Luz hakwenda kuzika, maana akiba yake ya nauli alikuwa ameimaliza kwa safari ile, na wiki mbili na zaidi alizokuwa bado akae na mama yake nilikuwa nimemnyang'anya mimi. Habari hizo nilizipata kwa Maricel, ukumbini shuleni. Alisema "Lola amekufa" akapita zake.

Na ile habari yangu ikageuka kuwa ya mama. Aliisimulia darsani miaka nenda miaka rudi, kila alipotokea mama mgeni anayehitaji nasaha. Alianza kwa kukiri kwamba alionywa asisikie, kisha akaeleza, na kila mwaka aliongeza chumvi kidogo: mafuta, soseji, mtoto anashurutishwa na bibi mzima. Wenzake walisikitika. Mimi nilikuwa napita na birika namimina chai. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili niliogopa kipigo. Nilipokuwa na ishirini niliogopa kumwaibisha. Baadaye nilijiambia ni jambo la zamani na wafu hawadhuriki. Leo nina miaka thelathini na minne na nimekuwa mwepesi sana wa kujitungia sababu.

Msimu wa machipuko uliopita alikuja darsani binti kutoka Mombasa, anayeishi mji wa Savage na kufanya kazi ghalani. Alisema jirani yake, mama wa Kifilipino, amejitolea kukaa na mtoto wake mchanga anapokuwa kazini. Mama akavuta pumzi na kuanza. Alipomaliza, yule binti aliweka kikombe chini akasema, "Basi nitamkatalia." Nilikuwa nimeshika birika. Niliona wazi kwamba uongo wangu ulikuwa unatoka nyumba moja kuingia nyingine, na kwamba safari hii nimeusindikiza mimi mwenyewe na chai.

Garini, tukirudi, nilisema, "Mama, Lola hakunipa nguruwe. Hata siku moja." Alitazama mbele. Nikamweleza yote, sufuria na uzi wake, nguruwe aliyetolewa kwa jirani, muuza nguo wa sokoni. "Egesha," akasema. Nikaingia kituo cha mafuta nikazima gari.

"Kuku alichinja nani?"

"Muislamu. Lola alimtafuta mwenyewe."

Akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. "Luz aliniapia kwa roho ya mamake," akasema kutoka ndani ya kitambaa, "nikamkatia simu." Nilingoja anitukane. Alipojifunua alisema tu, "Miaka yote hii mimi nasema, na wewe unanimiminia chai." Kisha akampigia simu yule binti wa Savage pale pale. "Yale niliyokwambia si kweli. Nilimzulia mtu. Usimkatalie jirani yako." Aliyarudia mara mbili, kwa sauti ya kusoma, na aliyesikia aibu garini hakuwa yeye peke yake.

Namba ya Luz tuliipata kwa mfanyakazi mwenzao wa zamani. Anaishi na Maricel huko Eden Prairie, kwenye nyumba yenye nyasi zilizokatwa sawasawa na karakana ya magari mawili. Alisema twende Jumapili tule chakula cha mchana. Njiani nilipanga maneno. Mlangoni yeye na mama walishikana, vichwa vyote viwili vyeupe, na kabla hatujakaa akatuongoza jikoni. Juu ya meza kulikuwa na sufuria mpya yenye karatasi ya duka bado imebandikwa, kijiko kipya, kuku aliyefungwa kwenye karatasi ya bucha la Wasomali, na makopo ya tui yamepangwa maandishi yakitazama mbele. Akamnyooshea mama kimoja kimoja akione: "Mpya. Halali. Soma hapa." Maricel alikuwa kwenye sinki. "Huwafanyia hivi Waislamu wote anaowaalika," akaniambia taratibu. "Hata wenzake wa kazini. Nimemwambia aache, hawezi."

Nikasema, "Anti Luz, nilidanganya."

"Najua," akajibu, na kopo bado liko mkononi. "Nilijua siku ile ile. Ulikuwa mtoto, unataka mama yako. Ila mama yangu hakukubali. Alisema mtoto hawezi kuzua jambo kama hilo. Mpaka anaumwa, kwenye simu, alikuwa ananiuliza: labda ile siku ya bata? Labda kijiko?"

Mama alilichukua lile kopo akaliweka mezani, akaisukuma sufuria mpya pembeni. "Hiyo irudishe dukani," akamwambia. "Osha ile yako ya kila siku, Luz. Tutakula humo." Luz alimtazama kama hakusikia vizuri. Kisha akainama kabatini akatoa sufuria kuukuu, nyeusi matako, akaiosha mwenyewe, na mama akasimama kando yake akiwa na taulo ya kuikausha.

Tulikula majani ya magimbi kwa tui, na yalikuwa matamu. Tui siku hizi hutoka kwenye kopo na hakuna anayehitaji mtoto wa kukuna nazi, na jikoni Eden Prairie hakuingii moshi wa mtu yeyote. Mama na Luz sasa huongea karibu kila siku, wakikatizana kama hawakuwahi kuachana, na darsani mama amewasimulia watu upya habari ile, nami nikiwa nimeketi, si nimesimama na birika. Nimesamehewa na wote ninaoweza kuwaomba msamaha. Lakini aliyeniuliza ni siku gani hayupo, na alikwenda bila kujibiwa, na jibu lenyewe lilikuwa fupi. Hakuna siku, Lola. Hakuna hata siku moja.